Malipo ya Maafa kwa Wakulima wa Marekani: Namna ya Kuyafuatilia Katika Ofisi ya Kaunti

Nchini Marekani, malipo ambayo serikali humpa mkulima aliyepatwa na ukame, mafuriko, moto au kimbunga hutegemea sana karatasi zilizokuwa ofisini kabla ya maafa yenyewe kutokea. Wakulima wawili wanaopakana, waliopigwa na mvua ya mawe ileile siku ileile, wanaweza kuishia mmoja akilipwa maelfu ya dola na mwenzake akirudi nyumbani mikono mitupu, na kilichowatofautisha kikawa ni taarifa ya ekari ambayo mmoja aliiwasilisha kwa wakati na mwingine hakuijua. Hali hii huwaumiza zaidi wakulima wadogo, wanaolima ardhi ya kukodi, na wahamiaji walioanza kilimo karibuni, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuingia katika ofisi ya kaunti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, pamoja na ndugu na majirani wanaowasaidia kusoma barua na kujaza fomu.

Ofisi inayohusika na watu wanaoamua

Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, hutoa sehemu kubwa ya malipo haya kupitia wakala wake uitwao FSA, wenye ofisi zaidi ya 2,000 kote nchini, nyingi zikiwa katika miji midogo ya kaunti za mashambani. Ofisi moja huweza kuhudumia kaunti mbili au zaidi, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba ofisi yako iko katika kaunti ya jirani. Kitu cha kwanza ni kujua ni ofisi ipi inayotunza kumbukumbu za shamba unalolima, kupiga simu, na kuomba miadi.

Watu wengi huchanganya ofisi hii na nyingine mbili. Shirika la FEMA hushughulikia makazi ya watu na miundombinu ya umma baada ya maafa. Halilipi mahindi yaliyozama wala ng'ombe waliokufa. Bima ya mazao nayo huuzwa na mawakala binafsi chini ya usimamizi wa wakala mwingine wa USDA uitwao RMA, na madai yake hupelekwa kwa wakala aliyekuuzia bima. Kutoa taarifa ya hasara kwa mmoja hakuhesabiwi kuwa umetoa kwa mwingine, na kuna watu waliopoteza haki zao kwa kudhani kwamba ofisi za serikali huambizana.

Maamuzi mengi ya ofisi ya kaunti hupitishwa na kamati ya wakulima wenyewe, yenye wajumbe kati ya 3 na 11, wanaochaguliwa na wakulima wenzao kwa vipindi vya miaka 3. Kamati hii huamua kama hasara yako ilisababishwa na maafa yanayotambulika, kama mavuno uliyotarajia ni ya kuaminika, na kama ombi lililochelewa linaweza kukubaliwa. Karatasi za kura kwa kawaida hutumwa kwa posta mwezi wa Novemba na hurudishwa mwanzoni mwa Desemba. Mkulima yeyote anayeshiriki katika mipango ya ofisi hiyo na aliyefikia umri wa kupiga kura anastahili kupiga kura, na ninawasihi wakulima wadogo waipige, kwa sababu kamati ambayo haijawahi kuwa na mtu anayelima bustani ya ekari 2 haiwezi kujua kwa urahisi hasara ya bustani kama hiyo ni kubwa kiasi gani.

Kujiandikisha kabla ya janga

Shamba lisilo na namba katika vitabu vya FSA ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: lipo, lakini haliwezi kudai chochote. Namba hiyo hutolewa bure. Unahitaji kitambulisho chako, namba ya hifadhi ya jamii au namba ya mlipakodi ya kampuni yako, na uthibitisho kwamba una haki ya kulima ardhi hiyo. Mwenye ardhi hupeleka hati ya umiliki. Mpangaji hupeleka mkataba wa kukodi. Kama makubaliano yenu yalikuwa ya mdomo, omba mwenye ardhi akuandikie barua fupi yenye jina lake, eneo la shamba, idadi ya ekari, kipindi cha kukodi, na namna mnavyogawana mavuno au unavyolipa kodi. Wale wanaolima ardhi ya urithi ambayo bado imeandikwa kwa jina la marehemu wasikate tamaa, kwa kuwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliruhusu nyaraka mbadala zitumike kupata namba ya shamba katika hali kama hiyo, hivyo uliza kwa uwazi ni nyaraka zipi zinazokubalika katika jimbo lako.

Baada ya namba zitafuata fomu za ustahiki, na hizi ndizo huchosha watu. Fomu AD-2047 huchukua taarifa zako binafsi. Fomu CCC-902 hueleza namna shamba linavyoendeshwa: nani anatoa ardhi, mtaji, vifaa na nguvu kazi, na nani anabeba hatari ya hasara. Ukiwa na kampuni au ushirika, fomu CCC-901 hutaja wanachama wake. Fomu CCC-941 huthibitisha kwamba wastani wa mapato yako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka, kiwango ambacho wasomaji wengi wa mwongozo huu wako mbali nacho, lakini fomu ni lazima ijazwe hata kama mapato yako ni kidogo sana. Fomu AD-1026 ni ahadi kwamba hutalima ardhi inayomomonyoka kwa urahisi bila hatua za hifadhi, wala kukausha ardhi oevu ili uilime. Mwisho ni fomu SF-3881, inayoelekeza malipo yaingie moja kwa moja katika akaunti yako ya benki. Kukosekana kwa moja tu kati ya hizi hutosha kusimamisha malipo ambayo tayari yameidhinishwa.

Iko pia fomu CCC-860, ambayo mkulima anayeanza, mkulima mwenye mapato madogo, au aliyetumikia jeshi huitumia kujitambulisha. Mtu anayelima kwa miaka 10 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa anaanza. Ijaze ikiwa unaangukia humo, maana hupunguza au kuondoa ada ambazo wengine hulipa.

Kila mwaka, kwa kila zao na kila shamba, unapaswa kuwasilisha taarifa ya ekari kwa fomu FSA-578: umepanda nini, wapi, lini, ekari ngapi, kwa ajili ya matumizi gani, na sehemu yako katika zao hilo ni asilimia ngapi. Kwa mazao mengi yanayopandwa majira ya kuchipua, tarehe ya mwisho ni 15 Julai, lakini ngano ya majira ya baridi, matunda, mboga na malisho vina tarehe zake, zinazotofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Usisahau malisho. Wafugaji wengi huona ni ajabu kuripoti nyasi zilizoota zenyewe, kisha ukame unapofika hugundua kwamba malipo ya malisho hukokotolewa kutokana na ekari hizohizo.

NAP: ulinzi wa mazao yasiyo na bima

Mahindi, soya, pamba na ngano vina bima ya mazao karibu katika kila kaunti inayovilima. Bamia, mchicha, biringanya, mihogo, viazi vitamu na mboga nyingine nyingi zinazolimwa katika mashamba madogo mara nyingi hazina. Kwa mazao ya namna hiyo kuna mpango wa NAP, unaoombwa kwa fomu CCC-471 kabla ya tarehe ya mwisho ya zao husika, ambayo kwa kawaida hutangulia msimu wa kupanda. Ada ni dola 325 kwa zao moja katika kaunti moja, isiyozidi dola 825 kwa mkulima katika kaunti, wala dola 1,950 kwa mkulima mwenye mashamba katika kaunti kadhaa. Wanaostahili kwa fomu CCC-860 hawalipi ada hiyo.

Kiwango cha msingi hulipa upungufu unaovuka nusu ya mavuno yaliyotarajiwa, kwa asilimia 55 ya bei ya wastani ya soko. Tuseme mkulima alitarajiwa kuvuna ratili 10,000 za zao fulani, akapata 3,000. Kiasi kinacholindwa ni ratili 5,000, kwa hiyo upungufu unaolipwa ni ratili 2,000. Bei iliyowekwa ikiwa ni dola 1 kwa ratili, atapata takriban dola 1,100, ilhali zao lililopotea lingemletea dola 7,000. Ni malipo madogo, na mtu aliyekuambia kwamba NAP itakurejesha mahali ulipokuwa alikudanganya. Anayetaka zaidi anaweza kununua kiwango cha juu, kinacholinda hadi asilimia 65 ya mavuno kwa bei kamili ya soko, kwa malipo ya ziada ambayo mwenye fomu CCC-860 hulipa nusu tu.

Hata hivyo ninashauri kila mkulima wa mboga ajiunge angalau na kiwango cha msingi, kwa sababu nitakayoieleza zaidi tutakapofika kwenye sheria za pekee za Bunge: kila mwaka unaokaa ndani ya NAP huacha ofisini kumbukumbu ya ulichopanda na ulichovuna, na kumbukumbu hiyo ndiyo ofisi huitazama kwanza fedha kubwa zinapotolewa.

Siku za mwanzo baada ya maafa

Muda huanza kuhesabiwa mara hasara inapoonekana. Kwa zao lililo chini ya NAP, taarifa ya hasara hutolewa kwa fomu CCC-576 ndani ya siku 15 tangu maafa yatokee au tangu hasara idhihirike. Kwa mazao yanayovunwa kwa mkono, na mengine yanayoharibika haraka, ofisi inapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu hasara idhihirike, kwa simu, kwa barua pepe, kwa faksi au kwa kufika, kisha fomu ikamilishwe. Masaa hayo 72 yana sababu: nyanya zilizooza haziwezi kukaguliwa baada ya wiki mbili. Kwa hiyo usililime upya wala usiling'oe zao lililoharibika kabla mkaguzi hajaliona au ofisi haijakupa ruhusa.

Piga picha za kutosha huku simu ikionyesha tarehe, ukianza na picha ya shamba zima kutoka barabarani, kisha za safu, kisha za mmea mmoja mmoja. Hifadhi risiti za mbegu, mbolea na mafuta, daftari la mauzo ya sokoni, na tiketi za mizani. Daftari lililoandikwa kwa mkono hukubalika mradi liwe limeandikwa wakati mambo yakitendeka, likiwa na tarehe, na siyo orodha iliyotungwa usiku mmoja kabla ya miadi. Kwa mifugo iliyokufa, hesabu ya kundi kabla ya janga ina uzito sawa na idadi ya mizoga, maana bila ya kwanza hakuna awezaye kujua ya pili ilitoka wapi. Kumbukumbu za chanjo, taarifa ya benki iliyokopesha kwa dhamana ya ng'ombe, barua ya daktari wa mifugo, au maelezo ya maandishi ya mtu asiye na maslahi katika shamba lako aliyeiona mizoga, vyote husaidia.

Kila unapokwenda ofisini au kupiga simu, omba stakabadhi ya huduma. Sheria inaitaka FSA imwandikie mkulima anayeomba msaada au maelezo karatasi inayoonyesha tarehe, alichouliza na alichojibiwa. Wengi hawaiombi kwa kuona haya. Iombe kwa upole na uitunze, kwa sababu ukipewa maelezo yasiyo sahihi na ukayafuata kwa nia njema, kuna utaratibu wa kisheria unaoruhusu FSA ikupe nafuu ya haki, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako. Kama Kiingereza ni kigumu kwako, sema hivyo tangu simu ya kwanza na uulize kuhusu mkalimani. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri fomu ambayo sahihi yake inakufunga kisheria.

Mpango gani kwa hasara ipi

Ukame kwa mfugaji huangukia mpango wa LFP, unaoombwa kwa fomu CCC-853, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kuthibitisha nyasi zako zilikauka kiasi gani. Kinachotazamwa ni ramani ya ukame ya taifa, ambayo tangu mwaka 1999 hutolewa kila Alhamisi na kituo cha ukame kilichoko Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln kwa ushirikiano na USDA pamoja na idara ya hali ya hewa na bahari. Ramani huanza na D0, hali ya ukavu usio wa kawaida, hadi D4, ukame wa kupita kiasi. Sehemu yoyote ya kaunti ikifika D3 wakati wowote katika msimu wa malisho, wafugaji wa kaunti nzima wenye aina hiyo ya malisho hustahili malipo ya miezi 3. D4 ikidumu wiki 4, malipo hufika miezi 5. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ililegeza kipimo cha D2: wiki 4 mfululizo sasa hutosha kwa malipo ya mwezi mmoja, ilhali zamani zilihitajika wiki 8. Malipo ya mwezi ni asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mifugo, ikikokotolewa kwa idadi ya wanyama au kwa uwezo wa malisho yako, kile kilicho kidogo. Kikomo ni dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka. Ni lazima mifugo iwe ilikuwa yako, au chini ya mkataba wako, katika siku 60 kabla ya ukame kuanza kuhesabiwa, na wale waliouza kwa kulazimishwa na ukame hawaachwi nje.

Itazame ramani hiyo kila wiki. Ofisi haitumi barua kwa kila mfugaji kaunti inapofuzu, na mwenye ng'ombe 12 ana haki ileile aliyo nayo mwenye 1,200.

Moto unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hasara ya moto mmoja hugawanyika katika mipango minne. Tarehe 26 Februari 2024 moto wa Smokehouse Creek ulizuka karibu na mji wa Stinnett, kaskazini mwa Texas, ukateketeza zaidi ya ekari milioni moja na kuwa mkubwa kuliko wowote katika historia ya jimbo hilo. Mfugaji katika kaunti kama Hemphill au Roberts aliyepitiwa na moto wa namna hiyo huwa na mizoga, uzio ulioanguka, nyasi zilizoungua na marobota ya nyasi kavu yaliyogeuka majivu, na kila kimoja kina mlango wake. Mizoga huenda kwa LIP. Uzio huenda kwa ECP. Nyasi huwachanganya wengi, maana LFP hulipa hasara ya moto pale tu mfugaji alipozuiwa kuchunga katika ardhi inayosimamiwa na serikali ya taifa. Malisho ya ardhi binafsi yaliyoungua hupelekwa ELAP, na huko ndiko yanakopelekwa pia marobota yaliyonunuliwa au kuvunwa kisha yakateketea. Mtu akiambiwa tu kwamba hastahili LFP, akaondoka bila kuuliza kuhusu ELAP, ameacha haki yake mezani.

LIP hulipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko ya mnyama aliyekufa kwa hali mbaya ya hewa, kwa idadi inayozidi vifo vya kawaida ambavyo kila jimbo limeviwekea kiwango. Kwa wanyama waliouawa na wanyamapori wanaolindwa na sheria, kama mbwa-mwitu waliorejeshwa, sheria ya 2025 ilipandisha malipo hadi asilimia 100. Mnyama aliyejeruhiwa na kuuzwa kwa bei ya chini naye ana malipo yake. Ugonjwa wa kawaida haulipwi. Fomu ni CCC-852.

Kwa ECP, inayogharimia kuondoa vifusi, kusawazisha ardhi na kurejesha uzio, serikali hulipa hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi 90 kwa mkulima anayeanza au mwenye mapato madogo. Mwenye kujenga uzio upya anaweza kuomba sehemu ya fedha, asilimia 25, itangulie kazi. Lakini mpango huu una mtego mmoja uliowaponza wengi: kazi ikianza kabla ombi halijawasilishwa na eneo halijakaguliwa, huenda usilipwe hata senti. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanazurura barabarani hawezi kungoja wiki kadhaa, na hilo linaeleweka. Basi apige simu asubuhi ileile, aeleze dharura, aulize ni kazi gani anaruhusiwa kuifanya mara moja, na aandike jina la afisa aliyemjibu.

ELAP hupokea pia mizinga ya nyuki, samaki wa kufugwa, na gharama ya kusomba maji na chakula cha mifugo wakati wa ukame. Miti ya matunda, vichaka na mizabibu iliyokufa ina mpango wake, TAP, ambao hulipia kupanda upya na kupogoa, wala siyo matunda yaliyopotea. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilipopiga magharibi ya North Carolina, wakulima wa tufaha wa huko walikuwa na hasara za aina zote mbili, na kila moja ilihitaji ombi lake.

Mikopo ya dharura hutolewa kaunti inapotangazwa rasmi na Waziri wa Kilimo au Rais kuwa eneo la maafa, na kaunti zinazopakana nayo huhesabiwa pia. Muda wa kuomba ni miezi 8 tangu tangazo. Kikomo ni dola 500,000. Ni mkopo, na utaulipa pamoja na riba, kwa hiyo usiuchukue kwa kutegemea kwamba malipo mengine yatakuja kuufuta.

Fedha za sheria za pekee

Mipango niliyoitaja ni ya kudumu. Mbali nayo, Bunge la Marekani hupitisha mara kwa mara sheria za pekee zenye fedha nyingi kuliko mipango yote hiyo, na ndizo zilizolipia vimbunga na mioto ya 2017 kwa jina la WHIP, hasara za 2020 hadi 2022 kwa jina la ERP, na hasara za 2023 na 2024 kwa jina la SDRP, kutokana na sheria iliyotiwa saini tarehe 21 Desemba 2024.

Utaratibu wa SDRP unaonyesha vizuri kwa nini nilisisitiza kumbukumbu. Awamu ya kwanza ilipofunguliwa Julai 2025, wakulima waliokuwa wamelipwa na bima ya mazao au na NAP kwa hasara za miaka hiyo walitumiwa maombi yaliyokwisha kujazwa kwa takwimu zilizokuwa tayari serikalini. Wasiokuwa na bima walisubiri awamu ya pili, iliyofunguliwa Novemba mwaka huohuo, na huko iliwabidi walete wenyewe ushahidi wa mavuno ya miaka iliyopita. Wafugaji nao waliokuwa na maombi ya LFP yaliyoidhinishwa kwa ukame wa 2023 na 2024 walilipwa nyongeza bila kuomba upya. Naona utaratibu huu unawapendelea waliokwisha kufahamika ofisini, na ni haki kuulalamikia. Ila mkulima hawezi kungoja sheria ibadilishwe ndipo ajiandikishe.

Kabla ya kutia sahihi, soma sharti la bima. Anayepokea fedha za SDRP hujifunga kununua bima ya mazao, au NAP kwa zao lisilo na bima, kwa miaka 2 ya mazao inayofuata, kwa kiwango cha asilimia 60 au zaidi. Asiyetimiza hudaiwa arudishe fedha pamoja na riba. Weka tarehe za kununua bima hiyo kwenye kalenda siku ileile unayotia sahihi.

Kiasi kinachoingia benki, na kodi

Malipo unayoyaona benki yanaweza kuwa madogo kuliko uliyokokotolewa. Serikali ya taifa hukata asilimia 5.7 katika baadhi ya mipango kutokana na sheria ya kubana matumizi, na hukata deni lolote lililopita muda unalodaiwa na idara zake. Fedha za sheria za pekee hulipwa kwa sehemu ili zitoshe wote. SDRP ilianza kwa kulipa asilimia 35 ya kiasi kilichokokotolewa.

Malipo haya ni mapato yanayotozwa kodi. FSA hutuma fomu 1099-G baada ya mwaka kwisha, na mkulima huyaonyesha katika jedwali la kilimo la ripoti yake ya kodi. Mkulima anayefanya hesabu kwa fedha taslimu, ambaye kwa kawaida angeuza zaidi ya nusu ya zao lililoharibika mwaka unaofuata, anaweza kuruhusiwa kuyahamishia mapato hayo mwaka huo unaofuata. Mwone mtu anayejua kodi za kilimo kabla ya kuchagua, kwa kuwa uamuzi huo hufanywa katika ripoti ya kodi yenyewe.

Usiongeze hata ndama mmoja katika hesabu. Ofisi hukagua sampuli ya maombi, na taarifa ya uongo huweza kumfanya mtu arudishe kila kitu, afungiwe mipango yote, na hata ashitakiwe.

Ombi likikataliwa

Uamuzi wa kukataa huja kwa barua inayoeleza sababu na njia za kukata rufaa. Kwa kila njia una siku 30 tangu kupokea barua, kwa hiyo tunza bahasha yenye muhuri wa posta. Unaweza kuiomba kamati ya kaunti iutazame upya uamuzi wake, na mara nyingi hapa ndipo pa kuanzia pale tatizo ni karatasi iliyokosekana ambayo sasa unayo. Unaweza kupanda kwenye kamati ya jimbo. Unaweza kuomba usuluhishi, ambao majimbo mengi huutoa kwa gharama ndogo. Au unaweza kwenda kwenye chombo cha rufaa cha USDA kiitwacho NAD, kilichoundwa mwaka 1994 na kisicho chini ya FSA, ambako afisa wa kusikiliza mashauri hukusikiliza ana kwa ana au kwa simu, au hupitia nyaraka tu ukitaka iwe hivyo. Mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi ulikosewa uko juu yako. Ruhusa ya kuja na mtu wa kukusemea ipo, na si lazima awe wakili.

Ofisi ikikuambia kwamba uamuzi wako hauwezi kukatiwa rufaa kwa sababu ni kanuni inayowahusu wakulima wote, bado unaruhusiwa kumwandikia mkurugenzi wa NAD ndani ya siku 30 ili yeye ndiye aamue kama jambo hilo linaweza kukatiwa rufaa. Wakati wote wa rufaa, endelea kuripoti ekari zako na kuweka sahihi fomu za mwaka mpya kama kawaida, maana rufaa ya hasara ya mwaka jana haizuii tarehe ya 15 Julai ya mwaka huu.